Shilingi ya Waziri: Kanuni za Kura na Mapatano ya Bajeti katika Mabunge ya Tanzania na Kenya

1.0 Utangulizi

Wataalamu wa Kiswahili wamezoea kulitazama Bunge la Tanzania kama uwanja wa lugha. Humo huchunguzwa msamiati mpya, misemo, uchanganyaji wa ndimi, na adabu za kuitana na kukatana kauli. Uchunguzi huo una manufaa makubwa. Hata hivyo, maneno mengi ya Bunge hayaeleweki sawasawa mpaka ijulikane kanuni iliyoyazaa. Msemo wa "kushika shilingi" ni mfano ulio wazi. Mbunge husimama na kutangaza kwamba asipopewa maelezo ya kuridhisha atashika shilingi ya mshahara wa waziri. Wenzake wachache huchangia, waziri hujibu, na aghalabu mbunge yule yule huirudisha shilingi aliyoishika. Asiyeijua kanuni huweza kudhani kwamba hayo ni maigizo matupu, kwani shilingi moja haina tena kitu inachoweza kununua dukani.

Mhadhara huu unafuatilia historia ya shilingi hiyo ili kuonyesha jambo lililo pana zaidi. Katika masuala ya bajeti, kanuni ya kura haiishii kuamua nani atashinda. Huamua pia mapatano yafanyike wapi, mbele ya nani, na kwa silaha gani. Pale ambapo mbunge anaweza tu kuikubali bajeti nzima au kuikataa nzima, majadiliano ya kweli huhamia mahali pasipopigwa kura. Pale ambapo kura zinahesabiwa kwa namna nyingine, mipaka ya vyama inaweza kuyeyuka na mipaka ya aina nyingine ikajitokeza. Sehemu kubwa ya mjadala itahusu Tanzania. Kenya italetwa baadaye kwa kuwa nchi hizo mbili zilirithi kanuni za shina moja, kisha zikaachana njia.

2.0 Shilingi ilikotoka

Asili ya shilingi ya waziri ni Bunge la Uingereza. Tangu mwaka 1713 Baraza la Makabwela la nchi hiyo lilikuwa na kanuni ya kudumu iliyozuia ombi lolote la fedha za umma lisilopendekezwa na Mfalme au Malkia. Maana yake ni kwamba mbunge wa kawaida hakuweza kupendekeza matumizi yaongezwe. Aliruhusiwa kupendekeza yapunguzwe tu. Basi mbunge aliyetaka kulalamikia sera, au hata aliyetaka fedha zaidi zitumike, ilimbidi apitie mlango wa nyuma: alipendekeza mshahara wa waziri upunguzwe kwa kiasi kidogo, kwa kawaida pauni 100, kusudi apate nafasi ya kusema.

Kiasi kilikuwa kidogo, lakini kura yake haikuwa ndogo. Tarehe 21 Juni 1895 hoja ya kupunguza mshahara wa Waziri wa Vita, Henry Campbell-Bannerman, kwa pauni 100 ilipita kwa kura 132 dhidi ya 125. Shutuma ilikuwa kwamba jeshi halikuwa na akiba ya kutosha ya baruti. Serikali ya Lord Rosebery iliihesabu kura hiyo kuwa ni kutokuaminiwa, ikajiuzulu. Mwaka uliofuata, chini ya uongozi wa Arthur Balfour bungeni, ilipitishwa kanuni ya kuweka ukomo wa siku za kujadili makadirio. Siku hizo zikiisha, mafungu yote yaliyobaki yalipigiwa kura bila mjadala. Utaratibu huo wa kukata mjadala ulipewa jina la mashine ya Kifaransa ya kukatia watu vichwa, nao umefika hadi Dodoma kwa jina la gilotini.

Mambo hayo mawili, yaani upunguzaji wa ishara na ukomo wa muda, yaliletwa Afrika ya Mashariki pamoja na mabaraza ya kutunga sheria ya kikoloni. Baraza la Tanganyika lilianza kukutana mwezi Desemba mwaka 1926. Shughuli zake ziliendeshwa kwa Kiingereza, na kwa muda mrefu maofisa wa serikali walikuwa wengi kuliko wajumbe wengine, hivyo matokeo ya kura yalijulikana kabla ya kikao. Sarafu ya eneo hilo tangu mwaka 1921 ilikuwa shilingi ya Afrika ya Mashariki, na mwaka 1966 Tanzania ikatoa shilingi yake. Pauni 100 za London zikawa shilingi moja.

Mabadiliko ya kiasi si muhimu kama mabadiliko ya kitenzi. Wabunge wa Uingereza walikuwa wakipendekeza "kupunguza". Mbunge wa Tanzania "hushika", "hutoa" au "huondoa" shilingi, na mwishowe "huirudisha". Kitu kilichopunguzwa hakina pa kurudi, lakini kilichoshikwa kinamngoja mwenyewe aje kukikomboa. Kwa hiyo Kiswahili kimeingiza ndani ya kitenzi kile ambacho Kiingereza kilikiacha nje, nayo ni maana ya rehani. Anayesema "nashika shilingi" ametangaza tangu mwanzo kwamba anataka kupatana, na kwamba yuko tayari kuachia akipata anachokitaka. Msemo huu umehifadhi nadharia nzima ya majadiliano ya bajeti, na haukubuniwa na mwanazuoni yeyote.

3.0 Yote au hakuna

Ili kuelewa kwa nini wabunge wanapatana kwa shilingi badala ya mabilioni, ni lazima kutazama kile ambacho Katiba inawaruhusu kukipigia kura. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 ina ibara tatu zinazofanya kazi pamoja, ingawa zimeandikwa mbalimbali.

Ibara ya 99 inazuia Bunge kushughulikia mambo fulani ya fedha, yakiwemo kutoza kodi na kuongeza matumizi kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina, isipokuwa Rais awe amependekeza na waziri awe ndiye aliyewasilisha. Huyo ni mjukuu wa kanuni ya mwaka 1713. Ibara ya 90 inaorodhesha hali ambazo Rais anaweza kulivunja Bunge, na mojawapo ni Bunge kukataa kupitisha bajeti iliyopendekezwa na Serikali. Ibara ya 71 inamvua ubunge mtu anayeacha kuwa mwanachama wa chama kilichomsimamisha. Kwa kuwa sheria haimruhusu mtu kugombea bila chama, mbunge aliyefukuzwa chamani hana ngazi nyingine ya kupandia.

Zikisomwa pamoja, ibara hizo zinampa mbunge uchaguzi mgumu. Hawezi kuongeza fedha za barabara ya jimbo lake. Anaweza kuikataa bajeti, lakini kufanya hivyo kunaweza kumrudisha yeye mwenyewe kwa wapigakura kabla ya wakati wake. Tena hawezi kurudi huko bila ridhaa ya chama ambacho bajeti yake ameikataa. Kura ya mwisho ni ya yote au hakuna, na "hakuna" ina gharama kubwa kwa anayeitamka kuliko kwa Serikali.

Historia inaonyesha kwamba hali hiyo haikuanza na Katiba ya 1977. Mfumo wa chama kimoja uliwekwa kisheria mwaka 1965, TANU ikiwa Tanzania Bara na ASP Zanzibar. Mwaka 1973 Bunge la mfumo huo liliukataa Muswada wa Sheria ya Kodi ya Mapato. Tukio hilo linawashangaza wengi wanaodhani kwamba Bunge la chama kimoja lilikuwa muhuri tu. Lakini linalofundisha zaidi ni yaliyofuata. Yalifanyika mashauriano ndani ya chama, uwezo wa Rais wa kulivunja Bunge ukiwa unajulikana kwa wote, kisha muswada ukarudi bungeni na kupita. Mwaka 1975 Katiba ya muda ilirekebishwa ili kutamka ukuu wa chama. Tangu hapo ilikuwa wazi kwamba penye mvutano wa fedha, mahali pa kupatana ni ukumbi wa chama, na ukumbi wa Bunge ni mahali pa kutangaza yaliyopatanwa.

4.0 Ukumbi wa vyama vingi

Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, na uchaguzi wake wa kwanza kufanyika mwaka 1995, watu waliingia bungeni wakiwa hawana chama kimoja cha kuwapatanisha. Kanuni za kura hazikubadilika kwa kasi hiyo. Upinzani ulipata nafasi rasmi ya kusoma maoni yake kuhusu kila wizara, kupitia mawaziri vivuli, lakini haukuwa na idadi ya kushinda kura. Hapo ndipo shilingi iliyokuwa imelala ilipoamka.

Utaratibu wenyewe ni huu. Waziri akishahitimisha hoja yake, Bunge zima hukaa kama Kamati ya Matumizi. Spika hushuka katika kiti chake cha enzi na kuwa Mwenyekiti. Katibu husoma mafungu na vifungu. Kifungu chenye mshahara wa waziri ndicho kinachoruhusu maswali ya sera, hivyo wabunge wengi husimama hapo. Anayeshika shilingi hutoa hoja, wengine huchangia, na ikiwa hairudishwi, Mwenyekiti huwahoji wanaoafiki na wasioafiki. Uamuzi hufanywa kwa sauti. Anayeamua sauti ipi ni kubwa ni Mwenyekiti mwenyewe, naye kwa kawaida husema anafikiri kwamba upande fulani umeshinda. Neno "nafikiri" limebeba mzigo mkubwa hapo. Kura ya sauti haiachi orodha ya majina, kwa hiyo mbunge wa chama tawala anaweza kumwonea huruma mshika shilingi moyoni na asijulikane, lakini pia anaweza kupaza sauti dhidi yake na wapigakura wasijue.

Muda nao ni kanuni ya kura, ingawa hauitwi hivyo. Saa iliyopangwa ikifika, Mwenyekiti hutangaza gilotini na mafungu yaliyobaki hupitishwa mfululizo bila maelezo. Mbunge aliyechelewa kuonekana na Mwenyekiti hana shilingi ya kushika. Kwa sababu hiyo, mpangilio wa wasemaji, unaoandaliwa na wanadhimu wa vyama kwa kushauriana na kiti, una thamani kubwa kuliko hotuba nyingi.

Inafaa kutua kidogo juu ya neno "mnadhimu". Kiingereza kimempa mtu huyu jina la mjeledi, kutokana na mtumishi wa wawindaji aliyekuwa akirudisha mbwa kundini. Kiswahili cha Tanzania kimemwita mnadhimu, yaani mwenye kutia nidhamu. Kiswahili cha Kenya kimemwita kiranja, jina la mwanafunzi anayesimamia wenzake shuleni. Majina hayo mawili yanamwelezea mtu yule yule kwa hisia tofauti. Mnadhimu hukumbusha jeshi, na kiranja hukumbusha darasa ambalo mwalimu ametoka kidogo.

Je, shilingi iliyoshikwa na mtu asiye na wingi wa kura ina nguvu gani? Mwezi Julai 2011 ulitoa jibu. Nchi ilikuwa katika mgawo mkali wa umeme. Makadirio ya Wizara ya Nishati na Madini yalipoletwa, wabunge wa upinzani na wa Chama Cha Mapinduzi waliyapinga kwa maneno makali. Kabla kura haijapigwa, Waziri Mkuu Mizengo Pinda alisimama na kuomba hoja hiyo iondolewe ili Serikali ijipange. Makadirio yalirudi mwezi Agosti yakiwa na mpango wa dharura wa umeme. Mwaka 2013 jambo la namna hiyo lilitokea kwa Wizara ya Maji. Mjadala uliahirishwa, Kamati ya Bajeti ikakaa na Serikali, na fedha zaidi zikapatikana kwa miradi ya maji.

Katika matukio hayo mawili Serikali haikushindwa kwa kura hata moja. Ilirudi nyuma kwa kuiona kura ikija. Upinzani peke yake haukuweza kuleta hofu hiyo. Uliweza kuanzisha mvutano, lakini ni wabunge wa chama tawala tu walioweza kuutia uzito. Na kwa kuwa wabunge hao wasingeweza kuikataa bajeti nzima bila kujihatarisha, walichagua wizara moja, wakati mmoja, juu ya kero ambayo kila mpigakura aliifahamu, kama giza na kiu. Kanuni iliyofunga mlango mkubwa iliwafundisha kutumia dirisha.

5.0 Kamati, kalenda na jina la mbunge

Mageuzi ya mwaka 2013 yalibadilisha mahali pa kupatania. Hadi wakati huo hotuba ya bajeti ilisomwa mwezi Juni na mijadala ya wizara iliendelea hadi Agosti, ilhali mwaka wa fedha ulianza tarehe 1 Julai. Kwa maneno mengine, shilingi nyingi zilishikwa wakati mwaka wa matumizi ulikwisha kuanza. Kuanzia mwaka 2013 mkutano wa bajeti ulihamishiwa miezi ya Aprili hadi Juni, na Kamati ya Bunge ya Bajeti ikaundwa. Sheria ya Bajeti ya mwaka 2015 iliupa utaratibu huo nguvu ya kisheria.

Faida ya mageuzi hayo ilikuwa dhahiri. Wabunge walipata chombo chenye muda na takwimu, kinachoweza kuwauliza maofisa wa Hazina kabla ya makadirio kufika ukumbini. Hasara yake haikuonekana haraka. Mapatano yaliyokuwa yakisikika redioni, kwa lugha ya watu wote, yaliingia katika chumba cha kamati. Mwananchi alianza kuona matokeo ya mapatano bila kusikia sababu zake. Aidha, mabadiliko yaliyokubaliwa kamatini yakishafika ukumbini huwa yameungwa mkono na chama tawala, hivyo mshika shilingi huambiwa kwamba suala lake limekwisha kushughulikiwa.

Mwaka 2018 ulionyesha mipaka ya njia zote mbili. Muswada wa Sheria ya Fedha wa mwaka huo ulikuwa na pendekezo la kubadilisha Sheria ya Korosho, ili ushuru wote wa korosho zinazouzwa nje uende katika Mfuko Mkuu wa Hazina. Hapo awali asilimia 65 ya ushuru huo ilikuwa imetengwa kwa maendeleo ya zao hilo. Wabunge wa Mtwara, Lindi na maeneo mengine ya korosho, wa chama tawala na wa upinzani, walipinga kwa pamoja. Pendekezo lilipita. Umeme na maji vilikuwa kero ya majimbo yote, kwa hiyo mbunge wa Kagera aliweza kumuunga mkono wa Mtwara. Korosho ilikuwa kero ya kusini. Kanuni ya wingi wa kura wa nchi nzima huwapa nguvu walio na shida ya wote, na huwaacha peke yao walio na shida ya mahali pamoja.

Lipo pia suala la jina. Wakati mafungu ya wizara huamuliwa kwa sauti, bajeti ya Serikali kwa ujumla hupigiwa kura ya wazi kwa kuita majina. Katibu humwita mbunge mmoja mmoja, naye hujibu. Kinadharia huo ni ushindi wa uwazi, kwani mwananchi anajua mbunge wake amesema nini. Lakini uwazi huwa na watazamaji wawili. Mmoja ni mpigakura aliye mbali, na mwingine ni mnadhimu aliyeketi safu ya mbele akisikiliza majina. Mwezi Januari 2016 Serikali ilitangaza kusitishwa kwa matangazo ya moja kwa moja ya vikao vya Bunge katika televisheni ya taifa. Katika mkutano wa bajeti wa mwaka huo wabunge wa upinzani walisusia vikao vilivyoongozwa na Naibu Spika, na bajeti ikapitishwa bila wao. Majina yaliitwa kama kanuni ilivyotaka. Hata hivyo, watazamaji wa upande wa umma walikuwa wamepungua, na wale wa upande wa chama walibaki pale pale. Kanuni moja ya kura inaweza kumlinda mwananchi au kukilinda chama, kutegemea ni nani anayesikia majina yakiitwa.

Baada ya uchaguzi wa mwaka 2020, ambapo Chama Cha Mapinduzi kilipata majimbo 256 kati ya 264, suala la mapatano baina ya vyama lilikosa upande wa pili. Shilingi iliendelea kushikwa, lakini ilishikwa na watu wa nyumba moja. Bunge lilikuwa limerudi karibu na hali ya mwaka 1973, isipokuwa kwamba safari hii hali hiyo haikutamkwa na sheria.

6.0 Kenya: wengi wa nini?

Kenya ilirithi kanuni zile zile za Uingereza, na historia yake ina funzo la lugha ambalo halipaswi kupitwa. Mwezi Julai 1974 Rais Jomo Kenyatta aliagiza kwamba Kiswahili kiwe lugha ya Bunge, na Katiba ikarekebishwa. Mwaka uliofuata ilirekebishwa tena. Kiswahili kilibaki lugha ya mjadala, lakini miswada, sheria na maazimio ya fedha yalitakiwa yawe kwa Kiingereza. Mwaka 1979 Kiingereza kilirudishwa pia katika mjadala. Hivyo mbunge aliweza kulalamikia kodi kwa Kiswahili, ila kodi yenyewe haikuweza kuandikwa kwa Kiswahili. Tanzania haina haki ya kujisifu sana mbele ya jirani yake kwa hilo. Taarifa Rasmi za Bunge lake zilijaa kwa miaka mingi majina ya vifungu vya makadirio kwa Kiingereza katikati ya mjadala wa Kiswahili, na ni mwaka 2021 tu ndipo sheria ilipotamka kwamba Kiswahili kitakuwa lugha ya sheria za nchi.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliachana na urithi wa zamani katika jambo moja kubwa. Iliunda kaunti 47 na Seneti ya kuzilinda. Katika mambo yanayohusu kaunti, maseneta hawahesabiwi vichwa. Ujumbe wa kila kaunti una kura moja, inayopigwa na kiongozi wake, iwe kaunti hiyo ni Nairobi yenye mamilioni ya watu au Lamu yenye wachache. Azimio linahitaji kuungwa mkono na kaunti 24. Pia ni Seneti inayoamua, kila baada ya miaka mitano, msingi wa kugawana fedha baina ya kaunti, na Bunge la Taifa haliwezi kubadilisha azimio hilo ila kwa theluthi mbili ya wabunge wake.

Mwaka 2020 kanuni hiyo ilijaribiwa. Fedha za kugawana zilikuwa shilingi bilioni 316.5. Fomula mpya iliyopendekezwa iliongeza uzito wa idadi ya watu, na kaunti nyingi za kaskazini na za Pwani zingepoteza fedha. Watetezi wa fomula walikuwa na kaulimbiu ya mtu mmoja, kura moja, shilingi moja. Viongozi wa vyama vikuu viwili, Uhuru Kenyatta na Raila Odinga, walikuwa wamepatana kisiasa tangu Machi 2018. Kwa hesabu za vyama azimio lingepita asubuhi moja. Halikupita. Seneti ilikutana mara kwa mara kwa miezi mitatu bila mwafaka. Maseneta wa vyama mbalimbali walijikusanya kwa jina la Team Kenya, wakiwa wameunganishwa na ramani kuliko chama. Tarehe 17 Agosti maseneta watatu kati yao walikamatwa na polisi, na hasira ikaongezeka. Hatimaye kamati ya maseneta 12, chini ya Johnson Sakaja na Moses Wetang'ula, ilileta maridhiano, na tarehe 17 Septemba azimio likapitishwa. Fomula mpya ilikubaliwa kwa sharti kwamba isianze kutumika mpaka fedha za kaunti ziongezwe. Mwaka wa fedha wa 2021/22 zikafika bilioni 370.

Waswahili husema wengi wape. Msemo huo hutumiwa kana kwamba maana yake ni moja. Mgogoro wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kabla ya kuwapa wengi, ni lazima kuuliza wengi wa nini. Wengi wa watu walikuwa upande mmoja, na wengi wa kaunti hawakuwa tayari kuwafuata. Kama kanuni ingekuwa ya kuhesabu vichwa, korosho ya kusini mwa Tanzania na ng'ombe wa kaskazini mwa Kenya wangekuwa na hatima moja. Kanuni ya kaunti ilikipa kila kijisehemu cha nchi shilingi yake ya kushika, na ilikuwa shilingi yenye uzito wa kweli.

Isidhaniwe kwamba kanuni hiyo haina gharama. Kwa muda huo wote serikali za kaunti zilikaa bila kujua mgao wao, na maridhiano yalinunuliwa kwa fedha za ziada kutoka Hazina, yaani kwa mfuko wa walipakodi ambao hawakuwamo katika kikao. Kila kanuni inayomwezesha mdogo kusimamisha shughuli humwezesha pia kudai malipo ili aiachie.

Upande wa Bunge la Taifa, ambako vichwa huhesabiwa, mambo yalikuwa tofauti. Tarehe 25 Juni 2024 Muswada wa Fedha ulipita kwa kura 195 dhidi ya 106, sehemu kubwa ya wabunge wakifuata mirengo yao. Majina yalikuwa yameandikwa, na yalisambazwa katika simu za vijana waliokuwa barabarani. Waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge siku hiyo hiyo, na watu kadhaa walipoteza maisha katika maandamano hayo. Siku iliyofuata Rais William Ruto alikataa kutia saini na kupendekeza vifungu vyote vifutwe. Kwa mujibu wa Katiba, Bunge lingehitaji theluthi mbili kumpinga, na halikujaribu. Kiranja alikuwa ameshinda kura ukumbini, lakini watazamaji wa upande wa pili, wale ambao Dodoma ya mwaka 2016 haikuwa nao, walikuwa wamesoma orodha.

7.0 Hitimisho

Historia hii inaonyesha kwamba mapatano ya bajeti hayapotei kamwe. Yakifungiwa mahali pamoja huhamia pengine. Kanuni ya yote au hakuna iliyahamishia katika chama. Shilingi iliyarudisha kidogo ukumbini. Kalenda mpya na Kamati ya Bajeti viliyaingiza chumbani. Kura ya kaunti iliyatoa mikononi mwa viongozi wa vyama na kuyakabidhi kwa mikoa. Na penye orodha ya majina iliyo mikononi mwa umma, yaliweza hata kumalizikia barabarani, kwa gharama ambayo hakuna bajeti inayoweza kuilipa.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili kuna kazi inayosubiri. Kamusi nyingi hueleza shilingi kuwa ni sarafu, fungu kuwa ni sehemu ya kitu, na kiranja kuwa ni msimamizi wa wanafunzi. Maana zao za kibunge zimo katika Taarifa Rasmi za mikutano ya miongo mingi, zikiwa hazijakusanywa wala kufafanuliwa kwa utaratibu. Kazi hiyo si ya kupamba kamusi. Mwananchi anayesikia kwamba mbunge wake "amerudisha shilingi" ana haki ya kujua kama kilichorudishwa ni rehani iliyokombolewa kwa ahadi ya kweli, au ni sarafu tu iliyoanguka mezani. Lugha iliyozaa msemo huo ndiyo inayopaswa kumpa kipimo cha kutofautisha.